Fahamu: Kwa nini Somaliland bado inabisha hodi?

Mjini Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, wabadilisha fedha hupanga mabunda ya noti kando ya barabara kama matofali. Ni shilingi za Somaliland, ambayo ina bunge, jeshi na pasipoti yake tangu ijitenge na Somalia Mei 1991. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliyeitambua, hadi Israel ilipofanya hivyo Desemba 2025. Serikali ya Somalia mjini Mogadishu ikaja juu.

Hargeisa inasema haijimegi, inarudi ilikotoka: ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza Juni 26, 1960, ikawa dola kwa siku tano tu, kisha ikaungana na kusini iliyokuwa chini ya Italia. Hivyo mipaka ya kikoloni, ambayo viongozi wa Afrika waliafiki kuiheshimu mwaka 1964, inaitetea. Si hoja nyepesi. Lakini Umoja wa Afrika unashikilia Somalia moja.

Turufu ya Somaliland ni pwani. Januari 2024 Ethiopia, isiyo na bahari, ilitia saini na Hargeisa hati ya kukodi kilomita 20 za pwani hiyo. Mogadishu ilipinga, lakini kufikia Desemba mwaka huohuo Uturuki ilikuwa imeipatanisha na Ethiopia.