Ukiidai diposti ya nyumba, iite amana
Mwanafunzi wangu mmoja aliyehama chumba cha kukodi alinionyesha barua aliyomwandikia landilodi: "Naomba unisaidie na ile diposti." Sarufi yake niiache kwa leo. Linalonikera ni hilo "unisaidie", kwani linaomba hisani ilhali pesa ni zake.

Wapo wanaoiita diposti hiyo arubuni. Arubuni ni malipo ya awali ya kufunga mapatano, nayo huhesabiwa ndani ya bei. Amana ni mali unayomwekea mtu akutunzie. Hata ikikaa kwake miaka, ni yako. Basi kijana aandike: "Tafadhali nirejeshee amana yangu ya Sh15,000. Ikiwa kuna uharibifu unaonikata, nionyeshe gharama yake kwa risiti." Ataje siku aliyokabidhi funguo na tarehe anayotaka kulipwa, kisha abaki na nakala. "Tafadhali" ibaki, haimpunguzii kitu. "Hivi karibuni" aifute, maana landilodi ana kalenda yake. Mambo yakishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na huko barua hiyo itasomwa neno kwa neno.