Dramu kuukuu mjini Al Wakrah: mnunuzi atazame nini?

Al Wakrah, mji wa pwani ulioko kusini mwa Doha, zamani ulijulikana kwa uvuvi na upigaji mbizi wa lulu. Hivi leo ni makazi ya wageni wengi, wakiwemo Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi za ulinzi, hoteli na ujenzi. Mikataba inapomalizika, watu huuza vyombo vyao kabla ya kupanda ndege, na kati ya makochi na majokofu huonekana mara moja moja seti ya dramu. Muuzaji akishasema kwamba ni ya miaka ya sitini, bei hupanda papo hapo.

Hapo ndipo penye hatari. Tangu mwezi Machi mwaka 2021, kima cha chini cha mshahara nchini Qatar ni riali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho za malazi na chakula pale ambapo mwajiri havitoi. Riali moja ya Qatar imefungamanishwa na dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.64, hivyo mshahara huo ni kama dola 275. Seti itakayouzwa kwa riali 3,000 ni jasho la miezi mitatu, na aghalabu fedha hizo ni za mchango wa kwaya au za vijana wanaotaka kuunda bendi watakaporejea nyumbani.

Je, seti kuukuu ina thamani gani hasa? Umri peke yake hauongezi kitu. Kinachotafutwa ni jina, ukamilifu na sauti. Kampuni ya Ludwig ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1909, ilipata umaarufu usio wa kawaida tarehe 9 Februari 1964, pale Ringo Starr wa kundi la Beatles alipoonekana katika televisheni ya Marekani akipiga dramu zenye jina hilo. Mizinga ya Ludwig ya wakati ule ilikuwa ya tabaka 3 za mbao, ikiimarishwa kwa pete ya mbao kwa ndani. Katikati ya miaka ya sabini kampuni ikahamia tabaka 6. Mwenye kujua hilo huvua ngozi na kuchungulia ndani kabla ya kusikiliza hadithi ya muuzaji. Nambari iliyo kwenye nembo ya chuma husaidia kukisia umri, lakini haitoshi, kwa kuwa nembo hazikupachikwa kwa kufuata mpangilio.

Zipo pia seti nyingi za Kijapani za miaka ya sitini, zilizotengenezwa kwa mbao nyepesi za mahogani ya Ufilipino na kuuzwa kwa majina chungu nzima. Hizo si mbaya kwa mazoezi, na baadhi zina sauti tamu ya chini. Ila kuzinunua kwa bei ya Ludwig ni kujidhulumu.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, umo katika dramu za Kiingereza. Premier, iliyoanzishwa London mwaka 1922, ilitengeneza ala imara mno. Hata hivyo, hadi mwishoni mwa miaka ya sitini mizinga yake ilikuwa na kipenyo kikubwa kidogo kuliko vipimo vinavyotumika leo. Ngozi ya inchi 14 inayouzwa dukani huenda isiingie kabisa, na ngozi za vipimo vile vya kale hutengenezwa kwa kuagizwa maalumu. Mtu anaweza kununua seti nzuri jijini Doha, akaifikisha Mwanza, kisha ikakaa bubu kwa kukosa ngozi. Pima kwa futi kabla ya kulipa.

Ngozi iliyochakaa, kwa upande mwingine, isikutishe. Tangu Remo Belli aanzishe kampuni yake mwaka 1957 na ngozi za plastiki kuchukua nafasi ya ngozi za ndama, hiyo imekuwa sehemu ya kubadilishwa tu. Yenye kutisha ni kasoro za mzinga wenyewe. Uvue ngozi zote mbili, uulaze mzinga juu ya meza iliyonyooka, kisha uwashe tochi kwa ndani. Mwanga ukipenya chini ya ukingo, basi ukingo umepinda au umeliwa, na ngoma hiyo haitatulia sauti hata ukaze vipi. Pima kipenyo mahali patatu. Vipimo vikitofautiana waziwazi, mzinga umepoteza uduara wake.

Tafuta matundu yasiyo na kazi. Kila tundu lililotobolewa baadaye ili kushikilia kifaa kipya hupunguza thamani ya ala ya kale, na wauzaji hupenda kuyaficha kwa plastiki mpya ya nje. Geuza kila skrubu kwa ufunguo wake: iliyoganda kwa kutu, au isiyo ya aina moja na wenzake, ni gharama. Katika ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, ile waiitayo snea, hakikisha wenzo wa kukazia nyuzi unashika na kuachia.

Hali ya hewa ya huko nayo ina neno lake. Joto la kiangazi hupita nyuzi 45, na chumvi ya bahari hula vyuma. Seti iliyowekwa roshani au ghalani huachana gundi ya tabaka zake. Pitisha kidole ndani ukitafuta ufa au uvimbe.

Dramu, kwa hakika, hazikuanza leo kuvuka bahari baina ya pande hizi mbili. Katika ngoma ya lewa, inayochezwa Ghuba kwa zumari, baadhi ya ngoma zina majina yanayotokana na msondo na chapuo. Na msondo ndio uliolipa jina bendi ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz.

Matoazi yachunguzwe peke yake. Ufa mdogo ukingoni hukua kila yanapopigwa, na tundu la katikati lililoliwa na kuwa kama la ufunguo laonyesha matumizi ya hovyo.

Hesabu ya mwisho ni ya safari. Forodha za Afrika Mashariki hukokotoa ushuru juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha huongezwa kodi ya thamani, ambayo ni asilimia 16 nchini Kenya na 18 nchini Uganda na Tanzania Bara. Dai stakabadhi yenye bei halisi na tarehe. Mizinga huweza kupakiwa mmoja ndani ya mwingine baada ya kuvuliwa ngozi, nguo zikiwekwa katikati, na hivyo kupunguza ujazo unaolipiwa.