Jungu la Bi Kitty

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo tunakwenda Liverpool, mji wa bandari huko Uingereza, mwaka 1832. Meli zinashusha pamba, matajiri wananawiri. Nyuma ya bandari, maelfu ya vibarua wamepanga vyumba vya chini ya ardhi, chini ya nyumba za watu wengine: giza, unyevunyevu, choo kimoja cha uani kwa majirani wote.

Kipindupindu kikaingia. Mnadhani kilianza kuwazoa akina nani?

Katika mtaa mmoja wa vibarua hao aliishi mama mmoja fukara aliyetoka Ireland, Kitty Wilkinson. Fedha hakuwa nazo, ila alikuwa na kitu ambacho majirani walikikosa: jungu kubwa la kuchemshia maji. Akawaambia walete mashuka na nguo za wagonjwa, zikafuliwa kwake kwa maji ya moto na dawa ya klorini. Siku hizo madaktari wengi walidhani ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Vijidudu vya maradhi vilikuwa havijajulikana bado. Hata hivyo kazi yake ilionekana, na mwaka 1842 mji ukafungua nyumba ya umma ya kuogea na kufulia. Baadaye Bi Kitty na mumewe wakakabidhiwa kuisimamia.

Mwaka huohuo wa 1842 Edwin Chadwick, ofisa wa serikali ya Uingereza, alitoa ripoti yake kuhusu afya ya vibarua. Liverpool, wastani wa umri wa kufa kwa mabwana wakubwa ulikuwa miaka 35. Kwa vibarua, 15! Msinielewe vibaya: si kwamba kila kibarua alikufa akiwa kijana. Watoto wachanga walikufa wengi mno, wakaushusha wastani. Na sikieni hili linalonishangaza mpaka leo: huko Rutland, mashambani, wastani wa vibarua ulikuwa 38. Kibarua wa shamba alimpita bwana wa mjini!

Wapo waliosema maskini wanajiua wenyewe kwa uvivu na ulevi. Haya, na kile kichanga cha miezi mitatu, kililewa lini?

Mwaka 1847 Liverpool ikamwajiri Dakta William Henry Duncan, mganga mkuu wa mji wa kwanza nchini humo. Vyumba vya chini vikaanza kufungwa, familia zikatolewa. Lakini kodi ya nyumba nzuri hawakuiweza, na wengi wakaenda kujazana kwenye vyumba vingine vya mitaa ileile.