Je, Wajua? Kabla Hujasema "Ni Uzee Tu"

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 humhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60, lakini zile shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kila mwezi humngoja mpaka afike 70? Muuguzi anayempima mzee hana mstari wa namna hiyo. Huyu wa miaka 75 amejileta kwa matatu kutoka Bahati, hapa Nakuru. Yule wa umri uo huo amebebwa mgongoni na mjukuu.

Je, wajua umri wenyewe mara nyingi ni wa kukisia? Wazee wengi wa Njoro, Molo na Rongai walizaliwa nyumbani, na mwaka ulio kwenye kitambulisho ulikadiriwa. Muuguzi mjanja huuliza rika. Mkalenjin atajibu Kaplelach au Kipkoimet. Jirani yake Mkikuyu atakueleza alikuwa mkubwa kiasi gani hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Na huku mnapiga gumzo, kumbukumbu yake imekwisha pimwa.

Je, wajua mtihani wa kuchora saa humwonea asiyewahi kushika kalamu? Huko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo cha akili kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Sehemu yake moja ni njiti za kiberiti: unapanga umbo mezani, mzee naye anapanga lake mfano wa lako.

Je, wajua mgongo uliokakamaa Nakuru huenda ukawa umetoka kisimani? Maji ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku huivuka. Meno ya kahawia kila mtu anayajua, tena tunataniana nayo. Kisichojulikana sana ni kwamba floraidi ikinywewa miaka na miaka huingia mifupani, ikakaza viungo na uti wa mgongo. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kuchuja maji kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Basi shosho akisema hawezi kuinama, usikimbilie kuandika uzee. Muulize alikulia wapi, na maji aliyachota wapi.

Je, wajua mama aliyepikia kuni miaka hamsini anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji sigara ilhali hajawahi kuishika? Swali la "unavuta?" halitoshi. Uliza jikoni kulikuwa na dirisha?

Je, wajua presha ya mzee hupimwa mara mbili? Kwanza akiwa amelala, kisha akisimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, umepata sababu ya yeye kuanguka alfajiri akienda choo cha nje. Kipimo hiki hakigharimu chochote ila subira, na labda ndiyo sababu hurukwa.

Je, wajua kiti kimoja na mita tatu za sakafu ni kipimo kamili? Muuguzi hubandika plasta chini, mita tatu kutoka kwenye kiti chenye mikono. Mzee anainuka, anatembea mpaka kwenye plasta, anageuka, anarudi, anaketi. Sekunde 12 au zaidi: yumo hatarini kuanguka. Ila saa haisemi yote. Je, amesukuma kiti kwa mikono ili ainuke? Amegeuka kwa hatua mbili, au amekanyagakanyaga kama anayetafuta sarafu iliyoanguka? Fimbo yake asinyang'anywe, na viatu viwe vile vile alivyokuja navyo. Mimi hupenda kutazama soli: akala iliyolika upande mmoja imekwishaeleza habari nusu kabla mwenyewe hajainuka.

Je, wajua nimonia ya mzee yaweza kuja bila homa? Joto lake la kawaida huwa chini kidogo kuliko la kijana, kwa hiyo kipimajoto kinaweza kusoma 37 na hali si shwari. Dalili ya kwanza mara nyingi huwa vurugu ya akili: jana alikuwa akifuatilia taarifa ya habari redioni, leo anamwita bintiye kwa jina la dadake marehemu. Mabadiliko ya siku moja au mbili si usahaulifu wa uzeeni. Ni dharura.

Je, wajua kumpigia mzee kelele kunamziba zaidi? Sauti nyembamba kama "s" na "f" ndizo hupotea kwanza, na kelele hainyanyui hizo. Keti mbele yake, shusha sauti iwe nzito, sema polepole. Nilimpigia nyanya yangu kelele miaka mingi kabla ya kuambiwa hili, naye kwa heshima zake alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Siku moja akachunguzwa masikio. Ilikuwa nta.

Je, wajua tembe za Piriton, zinazonunuliwa dukani kama peremende, zimo kwenye orodha ya dawa ambazo wazee wanashauriwa kuziepuka? Humvuruga mtu akili, na humzuilia mkojo. Mwambie aje na dawa zote, hata za mitishamba, kisha zimwage mezani.

Je, wajua ngozi ya mkono haifai kupimia upungufu wa maji kwa mzee? Imelegea kwa umri. Finya juu ya kifua. Wala usingoje aombe maji, maana kiu nayo hupungua.

Je, wajua mwaka 1963 daktari Mmarekani, Sidney Katz, aliorodhesha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula? Aliona kwamba mtu huyapoteza kwa mpangilio, takriban kinyume cha mtoto anavyojifunza. Kuoga hutangulia kuondoka. Kula hubaki mwisho, na ndiyo maana utamkuta guka asiyeweza tena kufunga vifungo vya shati, lakini sahani ikiwekwa mbele yake mkono unajua njia: unamega ugali, unaufinyanga, unachovya mchuzi.