Picha Ndogo Inayouza Kazi Kubwa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la kijijini methali hiyo ni kweli tupu. Mnunuzi aweza kushika nyanya, akaibonyeza kidogo, ndipo akaamua. Lakini yako masoko ya siku hizi ambamo mnunuzi hashiki kitu wala haonji kitu. Aona picha tu, tena picha ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Soko mojawapo ni lile la michezo ya kompyuta na ya simu, ambayo vijana wetu huiita gemu.

Huenda ukauliza, habari hii yanihusu nini mimi mkulima? Yakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, pengine unaye mtoto au mpwa aliyehamia Dar es Salaam, anakaa Mwananyamala au Mbagala, naye amekuletea habari kwamba anajifunza kuchora kwa kompyuta. Ukasema moyoni, "Mtoto huyu anapoteza wakati." La, kuchora huko ni kazi, nayo ina kanuni zake kama useremala. Pili, simu ile ambayo watoto hugombea nyumbani kwako jioni ndiyo mlango wa soko hilo. Yafaa mzazi ajue picha za mlangoni zinasema nini.

Kasha limekwisha, picha imebaki

Hapo zamani gemu ziliuzwa ndani ya kasha, na juu ya kasha palikuwa na picha, yaani jalada. Kampuni ya Atari ya Marekani ilipoanza kuuza mashine yake ya kuchezea nyumbani mwaka 1977, picha zilizoonekana ndani ya mchezo zilikuwa vijimraba vichache tu. Kwa hiyo wachoraji kama Cliff Spohn walichora majalada mazuri, ili mchezaji aone moyoni mwake kile ambacho mashine haikuweza kumwonyesha.

Siku hizi gemu nyingi hupakuliwa kwa mtandao, kutoka maduka kama Google Play kwa simu na Steam kwa kompyuta. Kasha limekwisha, lakini picha imebaki, nayo imezidi kuwa ndogo. Google Play humtaka mtengenezaji alete alama ya vipimo vya nukta 512 kwa 512, lakini katika simu alama hiyo huonekana kama kifungo cha shati. Katika Steam jalada laweza kupunguzwa hata likabaki nukta 120 kwa upana na 45 kwa urefu.

Tena wauzaji ni wengi mno. Tangu mwaka 2021, Steam peke yake imepokea gemu mpya zaidi ya 10,000 kila mwaka. Kijana aweza kukaa miaka miwili akiunda gemu yake usiku baada ya kibarua cha mchana. Mnunuzi naye hulitupia jalada jicho mara moja tu, akapita. Jalada likiwa bovu, miaka ile miwili yazikwa bila mtu kuiona. Hapo chema hakijiuzi, kwa sababu hakikuonekana.

Mwalimu aliyekuwa Msasani

Vijana wa Kinondoni wanaotaka kujifunza kazi hii hawana haja ya kutazama mbali. Mnamo mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora picha huko Msasani. Alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, lakini wenzake waliendelea, na hata leo mtindo ule waitwa kwa jina lake.

Yeye hakujua habari za kompyuta. Lakini tazama alivyofanya. Alichukua mnyama mmoja, chui au tembo, akamjaza kibaoni. Nyuma yake akapaka rangi moja iliyo wazi. Kingo za mnyama akazikata barabara zisichanganyike na rangi ya nyuma. Mpita njia hakuhitaji kusimama ili ajue ni mnyama gani. Hiyo ndiyo elimu yote ya jalada: kitu kimoja, kikubwa, kilicho wazi.

Kanuni ya rangi nayo yapatikana barabarani. Daladala za Dar es Salaam hupakwa mistari ya rangi kuonyesha njia zake. Abiria aliyesimama kituoni Tandika huitambua gari yake kwa rangi kabla hajasoma kibao. Jicho huona rangi na umbo kwanza, na maneno mwisho.

Tutengeneze jalada moja

Tuseme kijana wa Mbagala ameunda gemu ya kuendesha daladala kwenda Kariakoo. Afanyeje?

Kwanza, aandike sentensi moja tu: mchezaji afanya nini? Hapa jibu ni, "Awahi kituoni na gari iliyojaa watu." Asiyeweza kuandika sentensi hiyo bado hajui auza nini.

Pili, achague kitu kimoja cha kuibeba sentensi hiyo. Wachoraji wengi wageni hukosea hapa. Hutaka kuchora mji mzima, bahari, maghorofa, polisi, abiria na jua likichwa. Picha ikipunguzwa, yote hayo huwa matope. Afadhali uso wa daladala ujaze mraba, umeinama upande kama gari ikatayo kona, na kondakta akining'inia mlangoni mkono umenyooka. Hata sura yake isipoonekana, umbo la mkono ule latosha kusema habari yote.

Tatu, jina liwe fupi na herufi nene. Katika alama ndogo ya simu ni afadhali pasiwe na jina kabisa, kwa kuwa duka lenyewe huliandika chini yake. Katika jalada pana la Steam, sharti jina lisomeke.

Nne, aijaribu. Aipunguze hadi iwe kama ukucha, aitazame. Aiondoe rangi ibaki ya kijivu, aone kama gari bado yajitenga na barabara. Kisha aiweke katikati ya majalada ya gemu nyingine za magari. Kama wote wametumia rangi nyekundu, yeye nyekundu haitamsaidia.

Jalada ni ahadi

Sasa twafika kwenye neno lililo kubwa kuliko yote. Jalada humwahidi mnunuzi kitu, na ahadi ni deni. Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa gemu ya kijana wa chuma mwenye mzinga mkononi. Ilipouzwa Marekani kwa jina la Mega Man, jalada lake lilionyesha mtu mzima aliyeshika bastola, wala ndani ya mchezo hamna bastola. Keiji Inafune, mmoja wa wachoraji wa gemu yenyewe, alilaumu jalada lile kwa mauzo mabaya ya huko. Hata leo watu hulitaja kati ya majalada mabaya kuliko yote.

Kosa lile lilikuwa la uchoraji, lakini wako wanaodanganya kwa makusudi. Huchora mchezo mtamu usiokuwamo ndani, au huandika juu ya picha kwamba gemu yao ni ya kwanza duniani. Ndiyo sababu Steam, tangu Septemba 2022, yakataza kuandika juu ya jalada sifa, tuzo au punguzo la bei. Yaruhusu picha ya mchezo na jina lake tu. Google Play nayo yakataza alama zinazopotosha.

Wewe mzazi, usiamini picha peke yake. Katika Google Play tafuta pia tarakimu ya umri: 3, 7, 12, 16 au 18, yenye alama ya kujumlisha. Angalia kama pameandikwa kwamba gemu ina matangazo, au ina ununuzi wa ndani. Kijibwa kinachocheka katika picha chaweza kuficha duka la kumaliza fedha za simu.

Na kama mtoto wako ndiye mchoraji, usidhani huna la kumsaidia. Mwenye gemu hawezi kulihukumu jalada lake, maana yeye ajua mno kilichomo. Humfaa mtu ambaye hajauona mchezo huo hata siku moja, na mtu huyo ndiwe wewe. Atakapoileta picha, ishike simu mbali kwa mkono ulionyooka, umwambie bila kupamba: "Naona gari. Nadhani yakimbia. Nadhani mchezo ni wa kuwahisha abiria." Ukikisia sawasawa, kazi yake imetengenea. Ukikosea, usimcheke wala usimfiche. Mwambie ulichokiona, naye akarudie kuchora.