Kuiongezea Kasi na Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani

Mara nyingi kurasa hizi hushughulikia ngeli, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii nimeombwa niandike juu ya chombo ambacho karibu sote tunakitegemea katika kazi hizo, nacho ni kompyuta: inapokuwa nzito tufanyeje, na tuilindeje isije ikatuangusha. (Wapo wanaopendelea kuiita tarakilishi, na wazee wa ngamizi bado wapo. Mimi nitatumia kompyuta, maana ndilo neno nilisikialo madarasani.) Si mtaalamu wa fani hii. Ni mwalimu wa lugha niliyejifunza kwa kupata hasara, na ni vyema hasara yenyewe niieleze kwanza.

Mwaka 2012 laptopu yangu ilikuwa nzito mno. Nikiiwasha asubuhi niliweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Baada ya siku mbili alinirudishia ikiwa nyepesi kama mpya, na tupu kama mpya. Alikuwa ameifuta diski nzima na kuweka Windows upya, kama wafanyavyo mafundi wengi wakiambiwa tu kwamba mashine ni nzito. Hakuniuliza kama nina nakala, nami sikumwambia kwamba sina. Ndani yake mlikuwa na masimulizi ya bibi mmoja niliyoyarekodi kijijini kwake, karibu saa tisa za ngano na vitendawili, kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilipojiandaa kurudi kwake nirekodi tena, nikaambiwa amekwisha kuzikwa. Tasnifu niliimaliza kwa data nyingine. Zile ngano hakuna aliye nazo.

Kwa sababu hiyo nitaanza na jambo ambalo makala nyingi za aina hii huliweka mwishoni.

Nakala kabla ya kasi

Usiguse chochote katika kompyuta yako, wala usimkabidhi mtu aiguse, kabla ya kuwa na nakala ya kazi zako mahali pengine. Wataalamu wana kanuni rahisi ya tatu, mbili, moja: kila kazi ya maana iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Kwa mwalimu wa kawaida, nakala ya kwanza ni ile iliyo ndani ya laptopu. Ya pili iwe katika diski ya nje inayofungiwa kabatini ofisini. Ya tatu iwekwe katika hifadhi ya mtandaoni. Google Drive, kwa mfano, hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, ambayo inatosha tasnifu, mitihani na maandalio ya miaka mingi.

Wanafunzi wengi huniambia, "Mwalimu, ninayo kwenye flashi." Ukiwauliza flashi iko wapi, wanafungua mfuko uleule wenye laptopu. Mwizi hachukui laptopu akakuachia mfuko. Tena flashi ni chombo cha kubebea, si cha kuhifadhia. Huharibika bila kutoa dalili yoyote.

Kuhusu hifadhi ya mtandaoni kuna jambo moja ambalo huwashangaza watu. Ikiwa folda yako imeunganishwa moja kwa moja na mtandao, ukifuta faili katika kompyuta, linafutika huko pia. Google Drive hulibakiza katika pipa lake la taka kwa siku 30 tu. Kwa hiyo huduma hiyo peke yake haitoshi, na ndiyo sababu ya ile diski ya kabatini.

Walio katika utafiti wa nyanjani huogopa ukubwa wa mafaili ya sauti. Saa moja ya rekodi ya WAV yenye ubora wa CD huchukua karibu MB 635. Saa zangu tisa, basi, zingeenea katika flashi ya GB 8 na nafasi ikabaki. Hesabu hiyo niliifanya baadaye.

Uzito unatoka wapi

Ukishapata nakala, sasa tutafute uzito. Aghalabu hautokani na ugonjwa wowote, bali na wageni tuliowakaribisha wenyewe. Kila programu unayoweka hutaka kuanza kazi pale unapowasha mashine: ya printa uliyokwisha kuiuza, ya simu uliyounganisha mara moja, za mikutano ya mtandaoni tulizoziweka mwaka 2020 vyuo vilipofungwa. Zote zinagombea kumbukumbu ileile kabla hujaandika hata neno moja.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager, na ndani yake mna sehemu ya "Startup" inayoorodhesha programu zote zinazojiwasha zenyewe. Chagua usizozihitaji kila siku na uzizime. Hapo huzifuti, ukizihitaji utazifungua mwenyewe kwa kubofya. Yenye jina la programu ya ulinzi iache, na usilolitambua jina lake ulize kabla ya kulizima. Kazi hii huchukua dakika tano, na katika mashine nyingi nilizozishika ndiyo iliyoleta nafuu ya kwanza.

Kisha tazama nafasi ya diski. Windows huhitaji nafasi tupu ya kufanyia kazi zake, kama mpishi anavyohitaji meza. Diski ikijaa pomoni, kila kitu huenda kwa kujikokota. Jitahidi walau sehemu moja ya tano ibaki wazi. Anza na folda ya vitu ulivyopakua mtandaoni, ambamo utakuta nakala saba za mtaala mmoja, halafu video za harusi zilizotumwa kwa WhatsApp. Katika mipangilio ya Windows 10 na 11, upande wa "System" kisha "Storage", utaona ni nini kinachokula nafasi, na huko huko unaweza kuamuru mafaili ya muda yafutwe. Usisahau pipa la taka. Nimekuta la mwenzangu mmoja likiwa na GB 40.

La tatu ni joto. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Laptopu inayowekwa juu ya godoro imezibwa pua. Inayokaa chumba chenye vumbi la barabara ya murramu huvuta vumbi hilo hadi feni ikashindwa kuzunguka vizuri. Izime, ichomoe kwenye umeme, usafishe matundu yake kwa brashi ndogo laini. Kama haijawahi kufunguliwa tangu uinunue miaka mitano iliyopita, fundi akiifungua na kuisafisha ndani utashangaa.

Baada ya hayo yote, kama bado ni nzito, tatizo huenda ni umri wa diski. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijiti kinachotafuta data juu yake kama sindano ya santuri. Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka, na huipata data papo hapo. Kwa maoni yangu hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi katika kompyuta kuukuu kuliko ile ya kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD. Ukiwa na kumbukumbu ya GB 4, kuiongeza hadi GB 8 kunafuata kwa manufaa, hasa kwa wale wanaofungua vichupo thelathini vya kivinjari wakisema wanatafuta marejeo.

Mambo ambayo hayasaidii

Kuna programu zinazojitangaza kwamba zitaisafisha kompyuta na kuiongezea kasi maradufu kwa kubofya mara moja. Ziacheni. Nyingi huchokonoa rejista ya Windows, mahali ambapo kufuta mistari michache hakuongezi kasi yoyote ya kuonekana, lakini kufuta mmoja usiostahili kwaweza kuiangusha mashine. Nyingine ndizo zenyewe wageni wa kujiwasha tuliokwisha kuwataja.

Vilevile msiweke programu mbili za kukinga virusi mkidhani ulinzi utakuwa mara mbili. Zitazuiana kama walinzi wawili wasiofahamiana kwenye lango moja. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender ndani yake, na kwa mtumiaji wa nyumbani anayeisasisha inatosha.

Jambo la kuonea haya ni zile programu za wizi, Windows au Word iliyovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa bei ya soda. Anayeivunja kufuli hakukufanyia hisani. Mara nyingi maelekezo yake huanza kwa kukutaka uizime kinga ya virusi, na hapo mwenye akili angesimama kwanza. Anayeshindwa kununua Word atumie LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali. Nayo ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, programu ambayo sisi watu wa Kiswahili tunapaswa kuikumbuka, kwa kuwa mwaka 2004 ilitolewa toleo la Kiswahili liitwalo Jambo OpenOffice kwa juhudi za mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Flashi, masasisho na nywila

Adui mkubwa wa idara yoyote ni flashi inayozunguka kutoka duka la kuchapisha hadi mashine ya mhadhiri. Dalili mnaijua: unafungua flashi na badala ya folda zako unakuta njia za mkato zenye majina yaleyale. Usizibofye, maana kuzibofya ndiko kunakoamsha kirusi. Mara nyingi kazi zako hazijafutwa, zimefichwa tu. Waacheni Defender waikague flashi kwanza. Kisha fungua dirisha la amri, "Command Prompt", na kama flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ukibonyeza Enter na kusubiri kidogo, mafaili yaliyofichwa yatarudi kuonekana. Nakili unayoyataka, halafu uifomati flashi hiyo. Ukienda kuchapisha, afadhali ubebe PDF katika flashi isiyo na kitu kingine cha thamani.

Kuhusu masasisho, najua kilio chetu: bando ni ghali, na Windows haina huruma nalo. Wengi tumezima masasisho kwa sababu hiyo. Lakini tukumbuke yaliyotokea Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilipozuka na kuyafunga mafaili ya watu kwa kudai fidia. Kilizifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza zilizolazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya ufa kilioutumia ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huohuo. Waliosasisha kwa kutumia dawa ile hawakuguswa kupitia ufa huo. Basi, badala ya kuzima kabisa, leteni laptopu chuoni mara moja kwa mwezi, muiunganishe na mtandao wa chuo, muiache ipakue huku mkisahihisha insha.

Wenye Windows 10 wajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Mpango wa masasisho ya ziada uliotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani ulikuwa wa mwaka mmoja. Kama mashine yako inakidhi masharti ya Windows 11, ihamishie huko. Kama haikidhi, Linux ya aina ya Mint au Ubuntu ni ya bure na inaendesha LibreOffice bila taabu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuandika na kusoma, hasara si kubwa kama anavyoogopa.

Nywila nazo zinatuumbua. Walimu wa Kiswahili hupenda methali, na wanafunzi wao wanalijua hilo. Nywila yako ikiwa ni methali isiyo na nafasi kati ya maneno, mwanafunzi hodari wa fasihi simulizi ataipata kabla ya muhula kwisha. Chukua maneno manne yasiyohusiana hata kidogo, mfano bakuli, treni, shangazi na chokaa, uyaunganishe. Ni rahisi kukumbuka na ni vigumu kubahatisha. (Hayo niliyoyataja sasa msiyatumie.) Nywila ya barua pepe iwe tofauti na nyingine zote, na muiwekee uthibitisho wa hatua mbili kupitia simu, kwa kuwa anayeipata barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za mahali pengine pote.

Mitihani ambayo haijafanywa isikae katika kompyuta ambayo watoto huchezea michezo. Angalau wafungulieni watoto akaunti yao, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Word inaweza kulifunga faili kwa nywila, lakini ukiisahau usitegemee kwamba yupo wa kukufungulia.

Na itakapobidi kwenda kwa fundi, maana siku hiyo huja, andika katika karatasi maneno haya na uyabandike juu ya laptopu: "Usifute diski bila kunipigia simu." Chini yake weka namba yako. Kama ndani kuna kitu kisicho na nakala, mwambie aitoe diski mbele yako, uondoke nayo, umwachie mashine.