Kabla ya kununua kipimajoto cha lori, uliza chipu iliyomo

MZIGO wa parachichi ukitoka Njombe hupitia Makambako na kuingia barabara kuu ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka makutano hayo. Tunda la Hass kwa kawaida husafirishwa kwenye ubaridi wa takriban nyuzi 5 hadi 7 za sentigredi. Mzigo ukifika umelainika, mnunuzi hukata bei. Bila rekodi ya joto, mwenye mali na mwenye lori hubaki wakilaumiana.

Kipimajoto chenye kumbukumbu humaliza ubishi huo, lakini thamani yake hutegemea chipu iliyomo. Zamani prosesa, kumbukumbu na redio vilikuwa vipande mbalimbali vilivyounganishwa kwenye ubao. Siku hizi vingi vimo ndani ya chipu moja. Faida yake ni bei ndogo na umeme kidogo. Hasara ni kwamba kilichomo ndani hakibadilishwi: ukinunua pungufu, umenunua pungufu.

Hesabu ya betri

Chukua mfano wa ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ina redio za Wi-Fi na Bluetooth, na kumbukumbu ya kilobaiti 520. Tuseme ikiwa macho inakula miliampea 80. Betri ya miliampea 2,000 kwa saa itakwisha baada ya saa 25, yaani pengine kabla ya mzigo kupokelewa.

Lakini chipu hii inaweza kulala, na ikilala haili karibu chochote. Ikiamshwa sekunde 10 tu kila dakika 10, wastani hushuka hadi miliampea 1.3, na betri ile ile hufika siku 60. Saketi nyingine za ubao zitapunguza muda huo, ila tofauti bado ni kubwa.

Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ni kompyuta kamili yenye nguvu zaidi. Hula mamia ya miliampea hata ikiwa haina kazi. Ndani ya lori ni hasara. Kwenye ghala la kufungashia lenye umeme wa gridi, ambako kamera inapanga matunda kwa ukubwa, hapo ndipo mahali pake.

Mtandao

ESP32 haina redio ya simu. Itatunza vipimo na kuvitoa mzigo ukifika penye Wi-Fi. Anayetaka kujua joto lori likiwa bado Mafinga lazima aongeze kifaa cha laini ya simu. Vile vya bei nafuu vya 2G, kama SIM800, huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi, na betri dhaifu huzimika. Aidha, 2G inaondoka katika baadhi ya nchi: AT&T ya Marekani iliizima Januari 2017. Kontena linalovuka bahari lisitegemee 2G pekee.

Upatikanaji

Uhaba wa chipu duniani ulimfanya hata mtengenezaji wa Raspberry Pi apandishe bei ya modeli moja Oktoba 2021, kutoka dola 35 hadi 45. Anayeagiza vifaa kwa ajili ya malori mengi aulize kama chipu hiyo itaendelea kutengenezwa, na kama ipo ya kuibadili bila kuandika programu upya.

Kwa ufupi, mnunuzi amwulize muuzaji mambo manne kabla ya kulipa:

1. Kifaa kikilala kinakula umeme kiasi gani?
2. Kinatumia mtandao gani, na njia nzima ya mzigo unapatikana?
3. Mtandao ukikatika, kinatunza vipimo vya siku ngapi?
4. Chipu yake itapatikana kwa miaka mingapi?

Muuzaji anayejibu kwa kutaja kasi ya prosesa peke yake hajajibu. Kupima joto mara moja kila dakika 10 hakuhitaji kasi. Kunahitaji betri itakayofika bandarini.